Bonde Nililolibeba Kichwani

Mkumbi, Jumapili jioni

Mwanangu Oresta,

Mambo ya jikoni na ya chumbani umekwisha kuambiwa na shangazi zako. Wamekuimbia mpaka sauti zimekauka: namna ya kumwamkia baba mkwe, namna ya kukausha dagaa wa usipa, saa ya kuamka, saa ya kunyamaza. Siongezi neno hapo. Hasa kwenye kunyamaza, mimi si mwalimu mzuri, na kijiji kizima ni shahidi.

Nakuandikia habari ya Tausi. Kesho unashuka Kihagara kwa mumeo, na mtamba huyu anakwenda nawe. Nimelisema hilo mbele ya watu, na nalisema tena kwa mkono huu niliofundishwa kuandika ukubwani, katika darasa la elimu ya watu wazima, wewe ukiwa mgongoni unanivuta kilemba.

Baba yako mdogo Kastusi amekataa. Jana ulikuwa ndani unafungwa kanga, kwa hiyo hukuyasikia yote. Alikuja pale uani akiwa bado na ua la harusi kifuani.

"Shemeji," akasema, "tangu lini ng'ombe akamfuata bibi harusi? Ng'ombe hutoka kwa mwanamume kuja kwetu. Hatoki kwetu kwenda."

"Tangu Jumatatu asubuhi," nikamwambia.

Kina mama waliokuwa wakiosha masufuria walicheka mpaka mmoja akadondosha mwiko. Yeye hakucheka. Amesema kesho atasimama langoni na wanaume wawili wa kikundi cha ng'ombe, na mtamba hatoki. Kwanza atasema ni mali ya kikundi, kwa kuwa yeye ndiye mwenyekiti. Akishindwa hapo atasema ni mali ya ukoo, kwa kuwa yeye ndiye mdogo wa marehemu baba yako. Huyo mtu ana kofia mbili, na kila akivuliwa moja anavaa nyingine.

Mimi nasema Tausi ni wako. Lakini sitaki uondoke na ng'ombe ambaye hujui amepona vipi. Mama yake hakupona, na aliyemuua ni mimi. Si kwa njaa, kama wanavyosema. Nilimuua kwa bidii.

Mama yake alikuwa Ruksa, unamkumbuka. Tulimpa jina hilo kwa sababu wakati ule kila kitu kilikuwa ruksa. Mbinga mjini maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalijaa sabuni na vitenge, na wanunuzi wa kahawa walianza kuja na magari yao mpaka mlangoni, wakati zamani tulikuwa tukisubiri ushirika mpaka kahawa inasahau kama ilichumwa. Ndipo kikaja kikundi cha kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Unapewa mtamba mwenye mimba, akizaa jike la kwanza unalitoa kwa mwenzako anayefuata, na kuanzia hapo mama na watoto wengine wote ni wako. Sheria ilikuwa moja kubwa: ng'ombe asitoke bandani. Alishwe kwa mkono wa mtu, si kwa miguu yake.

Kastusi alisema mjane hataweza. Basi nilijenga banda kabla jina langu halijaandikwa. Milingoti niliikata mwenyewe, sakafu niliishindilia mawe niliyoyatoa mtoni, na walipokuja kukagua hawakupata pa kushika. Nikapewa Ruksa. Akazaa jike, nikampeleka kwa jirani aliyefuata, mbele ya mkutano, akiwa amenona kuliko mama yake. Mmoja nilikopa, mmoja nililipa. Atakayekuambia mama yako anadaiwa, mwambie aje na kidole cha tatu, tuone atakihesabia nini.

Tausi ni wa mimba ya pili. Huyo hana foleni.

Sasa sikiliza jinsi nilivyomtunza Ruksa, kwa sababu humo ndimo kosa lilimolala. Kiangazi huku kwetu unakijua. Juu kwenye ngoro, mashamba yetu ya vishimo, ukishavuna, vilivyobaki ni vishimo vikavu na nyasi zinazochoma mkono. Kijani kinakuwa sehemu moja tu, kule chini bondeni, penye maji yasiyokauka. Wenzangu walikuwa wakikata majani popote wanapopata, mzigo mmoja, basi. Mimi mizigo mitatu. Nilikuwa nashuka mpaka miguu inazama, nakata chini kabisa kwenye shina, pale palipo laini, kwa sababu nilikuwa nimeona kwamba hapo ndipo Ruksa anapoanza kula. Na sikushuka na mtondo mtupu, lile kapu langu la kichwani, maana mama yako hashuki na mtondo mtupu. Nilikuwa nashusha mavi ya Ruksa mabichi kwenye bustani yangu ya kabichi hukohuko bondeni, nayatupa, nasuuza mtondo mtoni, napandisha majani. Watu walikuwa wakiletwa kuniona. "Huyu ndiye mkulima," walikuwa wakisema. Nami nilikuwa nasimama wima kama nguzo ya simu.

Na wewe ulikuwa na wajibu wako wa mzigo mmoja baada ya shule. Siku moja hukushuka. Ulikata nyasi za juu, kule kwenye shamba lililopumzishwa, ukazirudisha zimekauka zinapasuka, ukazisukuma horini haraka ili ukacheze rede. Nilikukuta. Nikakutolea zote nje, nikasema, "Hizi ni za kuezekea, si za kula! Ng'ombe huyu si paa la nyumba!" Nikakurudisha bondeni jua likizama, unalia njia nzima. Kumbuka siku hiyo. Nitairudia.

Baada ya kiangazi cha pili Ruksa alianza kukonda huku hori limejaa. Maziwa yakapungua nusu, kisha nusu ya nusu. Manyoya yakasimama. Chini ya taya ukatokea uvimbe laini, ukiugusa unacheza kama kibuyu cha maji.

Bwana mifugo alikuja. Wakati huo bado alikuwa na pikipiki ya serikali, ingawa petroli tulikuwa tunamchangia. Akafunua mdomo wa Ruksa, akatazama ufizi, mweupe kama chokaa. Akageuka.

"Mama Oresta, majani unakata wapi?"

Mwanangu, kijijini maneno yalikuwa yameshaanza. Wengine walisema namchunga kwa siri bondeni ili nipunguze kazi. Basi swali lile lilinichoma.

"Unauliza kama namtoa nje? Njoo utazame kwato! Zina tope?"

"Sikuuliza kwato, mama."

"Basi umetumwa na Kastusi. Ng'ombe wangu hajakanyaga bonde tangu afike kwangu!"

"Mimi nimeuliza majani," akasema. Akafunga mkoba wake, akapiga teke pikipiki, akaenda. Alikuwa kijana mwenye cheti, na siku ile cheti chake kilikuwa sahihi. Niliulizwa neno moja, nikajibu lingine kwa sauti kubwa. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na nakuambia ni kubwa kuliko la pili. Mtu akikusingizia jambo moja, unakuwa mwepesi sana kulikana mpaka unashindwa kusikia anayekuuliza jambo jingine. Masikio yangu yalikuwa yamejaa Kastusi. Hapakuwa na nafasi ya mtu mwingine.

Nikaenda mjini dukani, nikasema nataka dawa ya minyoo ya ng'ombe. Mwenye duka akanipa, tena dawa nzuri, haikuwa ya uongo. Ila ilikuwa ya minyoo ya tumbo. Miaka ile dawa zilijaa dukani za kila rangi, na wale waliokuwa wakituambia ipi ni ya nini walikuwa ndio wanapunguzwa kazini. Nilimnywesha Ruksa nikasubiri. Uvimbe ukashuka mpaka shingoni.

Alipoanguka na kushindwa kunyanyuka, tulimchinja kabla hajafa mwenyewe. Wanakikundi wote walikuja. Kastusi alisimama mbele, mikono nyuma.

"Shemeji, ng'ombe amekufa kwa njaa. Tusitafute mchawi."

Nikamwambia mchinjaji, "Pasua ini."

"Mama, ini la ng'ombe mgonjwa halipasuliwi hadharani. Utanifukuzia wateja."

"Wateja wenyewe ndio hawa. Pasua!"

Akapasua. Kisu kililia kama kinakata mchanga, kwa jinsi mirija ya lile ini ilivyokuwa imekauka ikawa migumu. Akabinya. Wakatoka wadudu bapa, wa rangi ya majivu, umbo la jani dogo la mkaratusi, wanajikunja na kujikunjua kwenye nyongo. Walijaa kiganja chake. Mama mmoja alikimbia kutapika. Mimi sikukimbia. Nilitaka waonekane, maana hapakuwa na njaa pale. Palikuwa na wageni wengi mezani, na ng'ombe wangu ndiye aliyekuwa chakula.

Unafikiri Kastusi alinyamaza? Alikohoa, akavaa ile kofia nyingine.

"Hao ni minyoo ya bondeni. Kwa hiyo ulikuwa unamchunga. Umevunja sheria ya kikundi, na ndama anarudi kwa kikundi."

"Chagua moja, shemeji," nikasema. "Nilimnyima majani, au nilimshibisha bondeni? Yote mawili hayaingii katika tumbo moja."

Watu waliguna. Hakuchagua. Mpaka leo hajachagua, ndiyo maana kesho atasimama langoni.

Lakini usiku niliyaona macho ya yule bwana mifugo. Ng'ombe wangu kweli hakukanyaga bonde. Basi minyoo ya bondeni ilifika vipi bandani, ilipanda mlima kwa miguu gani? Nilihesabu huku na huku, hesabu ikakataa kufunga. Nikachukua njia ya Mbinga kumtafuta yule kijana. Nilimkuta naye amepunguzwa kazi, pikipiki imerudishwa serikalini, amefungua kibanda cha dawa za mifugo kando ya soko. Nilidhani atanicheka. Alinipa kigoda.

"Shikamoo, mama. Majani unakata wapi?"

"Marahaba. Bondeni," nikasema. "Kila siku. Chini kabisa, penye maji."

"Na mavi ya ng'ombe unapeleka wapi?"

"Kwenye bustani yangu."

"Iko wapi?"

"Bondeni."

Alisubiri nijumlishe mwenyewe, na mimi kujumlisha hakunichukui muda mrefu. Nilishika kichwa. Si kwa kilio. Nilikishika kwa sababu ndicho kilichobeba.

Alikuja nami mpaka hapa siku iliyofuata, akavua viatu, tukashuka. Pale nilipokuwa nikikata, alinyanyua shina moja la jani akanionyesha konokono, mdogo kama punje ya karanga, ganda jembamba la rangi ya chai. Nilikuwa nimewaona maisha yangu yote. Watoto walikuwa wakiwakanyaga. Akasema mayai ya yule mnyoo hutoka na mavi, yakiangukia kwenye maji huanguliwa kitu kisichoonekana kwa macho, nacho humtafuta konokono huyu na kuingia ndani yake. Humo huongezeka, kimoja kinakuwa vingi. Kisha hutoka, huogelea, hupanda kwenye jani na kujigandisha hapo kwenye usawa wa maji au chini yake kidogo, kama doa. Hapo hukaa kumsubiri atakayelila.

"Bila konokono hawezi?" nikauliza.

"Hawezi."

"Na bila mimi?"

Akafikiri. "Ng'ombe wa watu wengine hunywa hapa pia. Lakini kwa Ruksa, mama, bila wewe ingekuwa vigumu."

Nilimpenda kwa jibu hilo. Hakunipunguzia. Ng'ombe hakwenda bondeni. Mimi ndiye niliyembebea bonde, nikalipandisha mlimani likiwa juu ya kichwa changu, huku nikishangiliwa. Na majani yale mabaya yote nilikuwa nikiyachagua, nikiacha mazuri, kwa kuwa mazuri hayakuwa laini.

Sasa rudi kwenye siku ile uliyolia. Nyasi zile ulizokata wewe juu, kavu, mbali na maji, hazikuwa na kitu. Ulikuwa mvivu, Oresta, na uvivu wako ulikuwa salama kuliko bidii yangu. Nimekaa na jambo hili muda mrefu bila kujua nilitamke vipi, kwa sababu bado naamini ulikuwa umekwenda kucheza rede. Lakini ulichotupiwa nje siku ile kilikuwa chakula chema, na aliyekitupa ni mimi. Basi. Nimelisema.

Kwa kikundi sitaomba radhi. Kosa langu ninalo, ni langu, nimelishika kwa mikono miwili. Sina mkono wa tatu wa kushika na la kusingiziwa. Waliponifuta jina kikundini walidhani nitaleta ndama kununua amani. Nilichukua kahawa yangu yote ya mwaka ule, nikaiuza mlangoni kwa mnunuzi wa kwanza aliyesimamisha gari, na Tausi akapata dawa ya ini, ile yenyewe, kwa kipimo cha uzito wake, na akarudiwa dozi wakati wake ulipofika. Ndiyo maana ana hilo paja unaloliona. Kikundini niliwaeleza habari ya konokono. Wengi walisema hawafundishwi na mjane. Wachache siku hizi nawaona wakikata nyasi juu juu, mbali na maji, bila kutaja walilisikia wapi. Sijali. Ng'ombe wao wanajua.

Kihagara si Mkumbi. Huko kuna joto, kuna ziwa, kuna mashamba ya mpunga yanayoshika maji miezi mingi, na penye maji yaliyotulia, huyo mdogo wa rangi ya chai amekwisha kufika kabla yako. Hata watu wa huko wanapata kichocho kwenye matete ya ufukweni. Konokono wake ni mwingine, lakini njia ni ya namna ileile. Watakuambia majani ya pembeni mwa mpunga ndiyo mazuri kuliko yote. Mama mkwe wako, ambaye ni mtu mwema, atakuonyesha pale palipo laini. Usimbishie siku ya kwanza. Wewe kata mahali pakavu. Ukikosa kabisa ukashuka majini, kata juu ya goti, acha shina libaki palepale maji yalipoligusa, na hayo uliyokata yaanike mpaka yapasuke kama yale ya kuezekea. Mavi yakae shimoni yaoze kabla hayajaona shamba. Mkono utachoka zaidi na mzigo utaonekana mdogo. Watu watasema mke wa Anselm ni mvivu.

Waache waseme. Umeshawahi kuitwa hivyo na mtu mkali kuliko wao, na ulikuwa sahihi.

Na akija mtu kukuuliza swali, hata kama umekasirika, hata kama nyuma yake unamwona Kastusi mwingine, kwanza sikia alichouliza. Ugomvi wako na wengine hautatoroka, utaukuta palepale. Mimi sikukuzaa uwe mpole; upole haujawahi kunijengea banda. Ila ukali nao una mahali pa kukatia.

Kuhusu kesho. Huyu mtamba hapandi lori la wanunuzi. Atatembea, nawe utatembea naye, na Anselm amekubali; aliponijibu "Sawa, mama, mimi nitabeba mabegi," nikajua nimepata mkwe. Tutatoka kabla jua halijapanda, maana kushuka kule ziwani joto linampiga mnyama wa mlimani. Kastusi akiwa langoni, usizungumze naye. Mwamkie, "Shikamoo, baba mdogo," kama ulivyolelewa, kisha upite. Kuzungumza ni kazi yangu. Nitamuuliza swali moja tu mbele ya wale wawili wake: Ruksa alikufa kwa njaa, au kwa bonde? Akisema njaa, nitawauliza waliokuwepo walimwona mchinjaji ameshika nini kiganjani. Akisema bonde, nitamwambia aje anionyeshe nyayo za kwato. Hana jibu la tatu. Wakati analitafuta, wewe na Tausi mtakuwa mmeshavuka mto.

Utaona maandishi haya yamepinda, mistari inapanda na kushuka kama ngoro. Si kibatari, wala si uzee. Tausi sikumlaza bandani. Nimemleta huku ukumbini, anacheua nyuma ya kiti changu, na kamba yake nimeizungusha mkono wa kushoto tangu jua lilipozama. Kila akivuta, kalamu inaruka. Nimeandika barua hii yote kwa mkono mmoja.

Kukipambazuka nitakukabidhi kamba hii mlangoni, mbele ya wote. Usiniambie asante. Ishike, useme kwa sauti ambayo hata mwenye kofia mbili ataisikia: "Ng'ombe wangu, twende."

Ni mimi mama yako, nisiyedaiwa ng'ombe na mtu yeyote.